Wilaya ya shule Marekani: nani ana funguo, nani anatoa hela? (Mfano wa Winooski, Vermont)

Mwalimu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Huku Vermont wasema Kiswahili tumekuwa wengi kiasi. Wapo waliotoka Kivu wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wapo Wasomali Wabantu waliopitia ile ya Kakuma, na sisi wachache wa Tanzania na Kenya tulioletwa na masomo au ndoa. Kila ikikaribia Machi simu yangu inaita kwa swali lilelile: "Mwalimu, kuna karatasi ya kura imetaja shule na mamilioni ya dola. Nitie alama wapi?" Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Wilaya ya shule si wilaya kama Kasulu. Haina mkuu wa wilaya, haina mkurugenzi wa halmashauri, haina afisa elimu aliyeteuliwa kutoka juu. Ni kiserikali kidogo kinachotambuliwa kisheria, chenye kazi moja tu ya kuendesha shule za umma za eneo lake. Marekani nzima vipo takriban 13,000. Kimoja kinaweza kubeba wanafunzi laki kadhaa kama New York, kingine cha kijijini hakifikishi hata mia. Hawaii peke yake ndiyo iliyoamua jimbo zima liwe wilaya moja.

Winooski ni mji mdogo ubavuni mwa Burlington. Eneo lake ni maili moja ya mraba na ushee, na sensa ya 2020 ilihesabu watu wasiotimia 8,000. Watoto wote, wa chekechea mpaka wa darasa la 12, wanasoma kiwanja kimoja. Ni kama wanafunzi 800 hivi. Kwetu hiyo ni sekondari moja ya kata, tena si kubwa. Lakini ina bodi yake, bajeti yake na kura yake.

Mwenye shule ni wananchi. Wananchi wanachagua bodi. Bodi inaajiri superintendenti kwa mkataba, na superintendenti ndiye anayewasimamia wakuu wa shule na walimu. Meya hayumo kabisa kwenye mnyororo huo. Nimeona watu wanakwenda ofisi ya mji kulalamika kuhusu basi la shule, wanarudi wamenuna. Mji ni mji, shule ni shule, ingawa wapiga kura ni walewale na kodi mnalipia dirisha moja.

Hela nakuja nayo, ngoja nipate chai.

Kasuku wa Voi

Naweka kambi hapa. Ila swali kabla hujaendelea: hiyo bodi ni kama BoM yetu ya Kenya, bodi ya usimamizi wa shule? Kwa sababu BoM naijua, wanakutana, wanakula samosa, wanatia sahihi. Mwalimu ni wa TSC, ile tume ya walimu, pesa ni za Nairobi.

Mwalimu Mstaafu

@Kasuku, samosa sijaziona, labda sijakaa mpaka mwisho wa kikao. Tofauti ni kubwa. Bodi ya huku inamwajiri mwalimu, inajadiliana mshahara na chama chake, inapanga kalenda, na inaandika bajeti ambayo ni lazima ipelekwe kwa wananchi ikapigiwe kura. Jimbo lina kazi zake: leseni za walimu, viwango vya masomo, ukaguzi. Washington, yaani serikali kuu, nayo ina sheria zake na fungu lake. Ila anayeshika kalamu ya bajeti ni wale majirani waliochaguliwa, na huyo jirani unaweza kumkuta dukani ananunua maziwa ukamuuliza kwa nini wamepunguza mwalimu wa muziki.

Vikao viko wazi kwa yeyote. Wanaweza kujifungia kwa mambo machache kama ya mtumishi fulani au mazungumzo ya mkataba, lakini wanatakiwa watangaze kwanza kwamba wanajifungia na kwa sababu gani. Muhtasari wa kikao uwe umepatikana ndani ya siku tano. Mimi niliyezoea mihtasari iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, hili lilinishangaza kuliko theluji.

Dada wa Uvira

Asante kaka Mwalimu. Mimi niko na batoto batatu ku shule hapo. Kule kwetu mzazi ndiye alikuwa analipa mwalimu, tulikuwa tunaita prime, mpaka 2019 serikali iliposema primaire ni ya bure. Usipolipa, mtoto anafukuzwa kati ya kalasi. Sasa hapa hakuna kitu naombwa, hata chakula ni bure. Ni nani analipa? Naogopa siku moja bataleta facture ya kulipa.

Mwalimu Mstaafu

Dada, facture haiji. Chakula cha shule Vermont ni bure kwa kila mtoto, bila kujali kipato cha mzazi. Kilianza 2022, na 2023 bunge la jimbo likakifanya cha kudumu.

Na mtu asikutishe kuhusu karatasi za uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler, kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana hati. Kabla yake, 1974, kwenye kesi ya Lau, iliamua kwamba haitoshi kumkalisha darasani mtoto asiyejua Kiingereza ukasema umemfundisha. Lazima asaidiwe lugha.

Haya, nani analipa. Hapa Vermont ina utaratibu wake peke yake, na uliyosoma kuhusu Texas au Ohio usiyalete.

Majimbo mengi shule hutegemea sana kodi ya majengo ya mtaa wake. Mtaa wa matajiri shule nzuri, mtaa wa maskini shule ya hivyohivyo. Watu wa San Antonio, Texas, walishtaki, na 1973 Mahakama Kuu ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Katiba ya Marekani haijavunjwa. Mlango wa Washington ukafungwa, watu wakahamia kwenye mahakama za majimbo. Vermont kesi ikaitwa Brigham. Februari 1997 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mtoto wa Vermont hawezi kupewa elimu kwa kipimo cha utajiri wa mji aliozaliwa. Miezi michache tu baadaye bunge lilipitisha Sheria namba 60, na vumbi lake halijatulia mpaka leo.

Tangu hapo kuna chungu kimoja cha jimbo, Mfuko wa Elimu. Kodi ya majengo ya shule kutoka kila mji inahesabiwa humo, na ndiyo kama theluthi mbili ya chungu. Kodi yote ya mauzo inaingia humo. Sehemu ya kodi ya hoteli na migahawa, sehemu ya kodi ya magari, na faida ya bahati nasibu. (Kwa hiyo wewe jirani yangu unayekwangua tiketi kila Ijumaa, endelea, unasomesha.)

Utamu uko hapa. Kila mji unaamua wenyewe utatumia kiasi gani, halafu chungu kinalipa. Lakini kadiri mnavyotumia zaidi kwa kila mwanafunzi, ndivyo kiwango cha kodi cha wenye nyumba wa mji wenu kinavyopanda. Miji miwili ikitumia sawa kwa mwanafunzi inatozwa kiwango sawa, hata kama mmoja una majumba ya kifahari mlimani na mwingine una nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya sufu vya zamani, kama hapa.

Fundi Bomba

Na matajiri wakakubali kirahisi tu hivyo?

Mwalimu Mstaafu

Thubutu! Killington, mji wa watu wa kuteleza kwenye theluji, mwaka 2004 ulipiga kura ujitoe Vermont ujiunge na New Hampshire, na kodi hii ndiyo ilikuwa kero kuu. Angalieni ramani: Killington uko katikati ya Vermont, New Hampshire haijapakana nao hata kidogo. Jambo halikufika popote, lakini hasira mmeiona.

Fundi Bomba

Nimecheka kwa sauti kazini. Sasa mimi mpangaji. Sina nyumba, sina kiwanja, nina gari bovu. Bajeti ya shule inanihusu nini?

Mwalimu Mstaafu

Swali zuri, na hapa hata wenyeji wanakosea. Kodi ya elimu ina makundi mawili. Nyumba anayoishi mwenyewe inatozwa kwa kiwango kinachofuata bajeti ya mji. Majengo mengine yote, maduka, nyumba za mapumziko na hizo mnazopanga nyinyi, yanatozwa kiwango kimoja kinachowekwa na bunge kwa jimbo zima kila mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba wako akikuambia "nimepandisha kodi ya pango kwa sababu mlipitisha bajeti ya shule," mwambie kwa adabu akaangalie tena bili yake. Bajeti ya Winooski peke yake haigusi kiwango chake. Kinachoweza kumgusa ni matumizi ya jimbo zima yakijumlishwa, na namna thamani ya majengo ya mji inavyolinganishwa na bei ya soko.

Na kama umenunua nyumba, kila mwaka jaza tamko la makazi, fomu HS-122. Usipojaza unahesabiwa hukai humo, na faini juu. Familia nyingi wenye nyumba hupunguziwa kodi hii kulingana na kipato, lakini nafuu hiyo inaombwa, haiji yenyewe. Mpangaji wa kipato kidogo naye ana nafuu yake ya kuomba idara ya kodi. Watu wetu wengi wanaiacha mezani.

Mpita Njia 77

Mkuu, nimesikia kwamba watoto wetu wakimbizi wanahesabiwa mara nne ili shule ivune hela. Yaani sisi ni mtaji. Kuna ukweli?

Mwalimu Mstaafu

Kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeharibu uhusiano wa watu wengi, basi tuifungue taratibu.

Kumfundisha mtoto anayeanza Kiingereza akiwa na miaka 14 kuna gharama kubwa kuliko kumfundisha aliyezaliwa nacho. Jimbo linalitambua hilo kwa kumpa mtoto "uzito". Sheria namba 127 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika kwenye bajeti za mwaka wa fedha wa 2025, ilisema mtoto anayejifunza Kiingereza anaongezewa 2.49, na wa familia maskini 1.03. Kwa hiyo mtoto mmoja mwenye vyote viwili ni 1 jumlisha 1.03 jumlisha 2.49, yaani 4.52. Hapo ndipo ilipotoka hiyo "mara nne".

Lakini uzito si hundi. Hakuna mtu anayeiandikia shule dola kwa sababu mtoto wako ni 4.52. Uzito unaingia kwenye hesabu ya kodi. Chukua mfano wa darasani: wilaya inatumia dola milioni 10 na wanafunzi wake wanahesabiwa 500. Hiyo ni 20,000 kwa kichwa. Uzito mpya ukiwafanya wawe 800, matumizi yaleyale yanasomeka 12,500 kwa kichwa, na kiwango cha kodi kinashuka. Sasa wananchi wana uwezo wa kuongeza mwalimu wa lugha au mkalimani bila kuumia kama zamani. Uwezo, si lazima. Wakitaka wanaweza kuamua kubaki na kodi ya chini wasiongeze chochote. Ndiyo maana kura ile ina maana kwa mzazi kuliko uzito wenyewe.

Na chungu ni kimoja. Miji yenye watoto wachache wa namna hiyo ilijikuta uzito wake umepungua kwa kulinganisha, kodi inapanda hata bila kuongeza matumizi. Ili kuwapoza, bunge liliweka dari: kiwango kisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka kwa wilaya zilizotimiza masharti. Mnajua binadamu. Ukimwambia bili yake haitazidi kiasi fulani hata akiagiza mbuzi mzima, ataagiza mbuzi mzima. Makadirio ya kodi kwa jimbo yakaruka karibu asilimia 20. Bima ya afya ya walimu nayo ilikuwa imepanda vibaya, na zile hela za Washington za wakati wa korona zilikuwa zinakatika. Februari 2024, wiki chache kabla ya kura, bunge likalifuta lile dari. Machi wananchi wakakataa takriban theluthi moja ya bajeti za shule za jimbo. Kwa kawaida zinazokataliwa ni za kuhesabu kwa vidole.

Kasuku wa Voi

Ngoja, ngoja. Wananchi wanakataa bajeti ya shule? Halafu shule inafungwa?

Mwalimu Mstaafu

Haifungwi. Bodi inarudi kukata, inaleta tena. Ikikataliwa inakata tena. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukifika bila bajeti, wilaya inaruhusiwa kukopa mpaka asilimia 87 ya bajeti ya mwisho iliyopita ili iendelee kuhema. Kinachokatwa kwanza ndicho kinachoumiza watu wetu: msaidizi wa darasa, afisa wa kuunganisha shule na familia, programu za baada ya masomo. Mshahara wa mwalimu uko kwenye mkataba, deni la jengo liko kwenye mkataba. Vilivyo nje ya mkataba ndivyo vinavyotangulia mlangoni.

Bi Mkubwa wa Tanga

Nawasoma tu toka huku nyumbani. Sisi tangu 2016 elimu msingi ni bila malipo, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, 6,000 inakuja shuleni na 4,000 inabaki juu kwa vitabu. Nimekuwa kwenye kamati ya shule miaka sita, sijawahi kuulizwa hiyo 10,000 ipande au ishuke. Kazi yetu ni kupanga hiyo kidogo iliyofika iende kwenye chaki au kwenye choo. Mwanangu, huko mnaulizwa, na bado watu hawaendi kupiga kura?

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mama. Ndiyo hivyo, tunaulizwa na hatuendi. Sababu nyingine ni halali: zamu za usiku, lugha, watoto wadogo. Nyingine ni kutojua kwamba tunaruhusiwa.

Winooski wakazi wasio raia lakini wanaoishi nchini kihalali wanaruhusiwa kupiga kura za mji na za shule. Wananchi walipitisha hilo Novemba 2020, gavana Phil Scott akalikataa kwa kura ya turufu, bunge likalipitisha bila yeye Juni 2021, na kura ya kwanza ya namna hiyo ikawa Machi 2022. Mji wa Montpelier nao ulipata ruhusa ya kura za mji mwaka huohuo wa 2021, Burlington ikafuata 2023. Kesi ya Montpelier ilifika mahakama ya juu ya jimbo, na Januari 2023 mahakama ikasema haivunji katiba ya Vermont.

Mpita Njia 77

Hapo mkuu weka onyo kubwa, maana mtu ataharibikiwa.

Mwalimu Mstaafu

Kweli kabisa. Ruhusa hii ni ya mji na shule tu. Rais, wabunge wa Washington, gavana, wabunge wa jimbo, huko asiye raia hapigi, na kujaribu kunaweza kumfukuzisha nchini. Daftari la wasio raia ni la pekee. Nenda kwa karani wa mji, sema wewe si raia, uandikishwe kwenye daftari hilo. Usijaze fomu ya kawaida ya wapiga kura kwa sababu rafiki kakuambia ni ileile. Si ileile. Ukiwa na shaka, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa kalamu.

Dada wa Uvira

Na ile mujengo mupya? Banasema tunalipa miaka mingi.

Mwalimu Mstaafu

Ni mkopo, dada. Mwaka 2019 wananchi walipiga kura wilaya ikope dola milioni 57.8 kukarabati na kupanua shule. Kwa mji wa ukubwa huu ni mzigo wa punda. Jimbo lilisimamisha msaada wake wa ujenzi wa shule tangu 2007, kwa hiyo mji wenye jengo linalovuja unachagua mawili: kuweka ndoo au kukopa kwa hati fungani. Marejesho yanakaa ndani ya bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo ukiona bajeti imevimba usidhani yote ni mishahara.

Hela za Washington zipo ila usizitegemee kama ugali, ni mboga. Kuna fungu la shule zenye watoto maskini, la watoto wenye ulemavu, la chakula, na fungu la wanaojifunza Kiingereza. Hilo la mwisho lilikuwemo kwenye zile dola bilioni 6 na ushee ambazo serikali kuu ilizizuia Julai 2025 na kuziachia mwisho wa mwezi. Bodi zilikuwa zimeshaajiri watu wa Septemba. Chungu cha jimbo kina kelele, lakini hakijakufanyia hivyo katikati ya kiangazi.

Fundi Bomba

Nasikia hizi wilaya ndogo zitaunganishwa. Winooski itamezwa?

Mwalimu Mstaafu

Julai 1, 2025 gavana alisaini Sheria namba 73. Inataka wilaya kubwa, kama wanafunzi 4,000 mpaka 8,000 kila moja inapowezekana, na badala ya kila mji kuamua matumizi yake, jimbo lipange kiwango kwa kila mwanafunzi, kianzio kama dola 15,000 kabla ya uzito. Miji ingebaki na nafasi ndogo ya kuongeza juu yake. Utekelezaji una masharti mengi, ramani ikiwa ndiyo ngumu kuliko yote, na wanasiasa wanavutana.

Maoni yangu binafsi, na najua kuna watakaonirarua. Wanaosema wilaya ndogo ni ghali wana hoja. Superintendenti mmoja kwa watoto 800 si mchezo. Lakini mimi nimeona bodi ambayo mama asiyejua Kiingereza anasimama na mkalimani, anasema dakika tatu, na wajumbe wanamjua mtoto wake kwa jina. Kwenye wilaya ya watoto 8,000 iliyoenea miji kumi, yule mama atapanda gari la nani kwenda kikaoni? Nikipewa kuchagua, nitalipia kidogo zaidi.

Kasuku wa Voi

Mimi ningeunganisha. Huku kwetu vitu vidogo vinaliwa haraka. Ila sikatai, umeeleza.

Bi Mkubwa wa Tanga

Kasuku, na vikubwa vinaliwa polepole lakini vinaliwa.

Dada wa Uvira

Mimi nitaenda. Mwalimu, mara ya kwanza niulize nini? Sitaki kusimama pale nikae tu kama muti.

Mwalimu Mstaafu

Nenda Januari, dada, usingoje Machi. Machi karatasi inasema ndiyo au hapana tu. Desemba na Januari ndiyo bodi inapanga, na ndipo mstari unaweza kuongezwa au kufutwa. Omba mkalimani mapema, siku kadhaa kabla.

Ukipewa nafasi uliza mawili. Mwaka jana mlibakisha kiasi gani, na salio hilo mmelipeleka wapi? Halafu: kwenye bajeti hii kuna nafasi ngapi za walimu wa lugha na wakalimani, na mwaka jana zilikuwa ngapi? Andika namba watakazokutajia. Ukitoka niletee mrejesho hapahapa, mimi siku hiyo niko zamu.